Luhaga na Mbwa Asiyesikia Amri

Kwa miaka ishirini na minane Luhaga alikuwa askari wa barabarani, na lori lililojaa mizigo lilisimama akiinua kiganja tu. Alipostaafu akajenga nyumba Buhongwa, pembeni mwa mji, akafuga mbwa mmoja wa kahawia, jina lake Popi. Popi hakusimama.

"Popi! Njoo hapa!" mzee angenguruma, naye Popi angepanda jabali lililo nyuma ya nyumba, akaketi, akamtazama kama mtu anayetazama mpira. Luhaga akipanda huku, mbwa anashukia kule. Siku moja mzee alikwama huko juu, goti limegoma, ikabidi mkewe Modesta alete ngazi.

"Baba Kija," Modesta alisema, ameishikilia ngazi, "kila ukimwita, kinachofuata ni mnyororo au sabuni. Akichelewa, unamgombeza. Hata mimi ningekimbia."

Luhaga alitaka kubisha, ila mtu aliye katikati ya ngazi hana hoja.

Basi akaanza upya kama kuruta. Alitia dagaa kwenye mfuko wa shati. Akamwita Popi kutoka hatua mbili, kwa sauti laini, akampa dagaa mmoja, kisha akamwacha aende zake kucheza. Baadaye hatua tano, halafu ua mzima, mbwa akiburuta kamba ndefu. Hata Popi aliporudi na kandambili ya jirani mdomoni, Luhaga alimeza hasira akamsifu, jambo lililomuuma kuliko goti. Kanisani watu wakaanza kukwepa benchi lake kwa sababu ya harufu.

Mwezi wa pili wa mazoezi hayo, asubuhi moja, Luhaga mwenyewe alisahau kufunga geti. Popi akaona mbuzi, akatimka nyuma yao kuelekea barabara ya Shinyanga. Basi lilikuwa linakuja kasi. Luhaga akatoka mbio na, kwa mazoea, akainua kiganja: "Simama!"

Bodaboda watatu wakafunga breki. Popi akaongeza mwendo.

Hapo uaskari ukamtoka. Alichuchumaa, akapiga makofi, akaita kwa sauti nyembamba ambayo hata wanawe hawakuwahi kuisikia: "Popi, Popi, njoo babaa! Njoo mwanangu!" Kisha akageuka, akakimbilia upande wa nyumbani huku akirukaruka, maana mbwa hupenda kufuata kinachokimbia. Popi akageuza shingo. Halafu akageuka mzima, akaja kama mshale, akamparamia mzee mgongoni. Wote wawili wakaanguka vumbini, na basi likapita.

Luhaga alimpa dagaa wote waliobaki.

"Shikamoo, afande," alisema dereva mmoja wa bodaboda. "Uliwahi kunikamata bila kofia ngumu. Nilikuogopa sana."

"Marahaba. Haya ya leo usiwasimulie wenzako."

"Wenzangu wote wako hapa, afande."

Luhaga akainua macho. Sasa walikuwa wamefika wanane, wengine wameshaelekeza simu kwake. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashindwa kusimama, na Popi akatumia nafasi hiyo kumlamba masikio.