Mstari Uliokaa Juu

Wided hakuwa mwoga. Katika benki ya damu ya mji wa Sfax alikofanya kazi, yeye ndiye aliyeitwa hata panya akionekana stoo. Lakini Ijumaa ile ya Julai, saa saba na dakika ishirini mchana, aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Yote yalianzia kwenye karatasi. Miaka kumi na moja wafanyakazi wote walikuwa wakiingia kwenye seva, kompyuta kuu yenye kumbukumbu za damu yote, kwa jina moja na neno la siri moja, lililoandikwa kwenye karatasi na kubandikwa chini ya sinia ya kahawa. Jina lenyewe lilikuwa la msimamizi mkuu wa mfumo, lenye ruhusa ya kufanya chochote, hata kufuta kila kitu! Wided alimfungulia kila mtu akaunti yake, akampa ruhusa za kazi yake tu, na asubuhi hiyo akaichana karatasi.

Akamgombeza pia Lalla Mongia, muuguzi wa siku nyingi aliyeitwa Lalla, yaani bibi, kwa heshima, ambaye hakuwa na desturi ya kutoka kwenye mfumo akimaliza kuutumia.

"Lalla, ukiinuka, toka. Kwani mlango wa nyumba yako unauacha wazi?"

"Tangu niolewe haujafungwa, binti yangu. Mwizi akija, amchukue mume wangu."

Kiangazi kazi huisha saa nane, na Wided alitaka kumaliza mapema. Ilibaki orodha ya masharti: nani aingie, kutoka kompyuta ipi. Seva huisoma kuanzia juu, na sharti la kwanza linalomhusu mtu ndilo inalolifuata, mengine haiyatazami. Mstari wa "yeyote yule, mkatalie" ulipaswa kukaa chini kabisa, uwazuie waliosalia. Kwa haraka zake akauweka juu. Akaiamuru seva ifuate orodha mpya, kisha akatoka kwenye mfumo, kama alivyokuwa akiwahubiria wenzake.

Alipojaribu kurudi, akakataliwa. Akajaribu tena. Akakataliwa.

Simu ikalia. Wodi ya wazazi: mama aliyejifungua anavuja damu, na mwili wake hukataa hata damu ya kundi lake mwenyewe. Kulikuwa na mifuko michache inayomfaa kati ya mia tatu iliyokuwa kwenye friji, na ni mfumo tu ulioijua.

"Upesi, dada! Hana hata robo saa!"

Anayekaa mbele ya seva yenyewe haulizwi masharti hayo, lakini chumba chake kilikuwa kimefungwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Ami Mokded, mlinzi, naye yuko msikitini, simu kaizima. Mtu atakufa, aliwaza Wided, kwa sababu ya mstari mmoja, na nimeuandika mimi.

Akakimbilia kwa Mongia.

"Mbona umepauka kama jibini?"

"Nimetufungia nje, Lalla. Sote."

"Sote? Hata mimi?" Mongia akasukuma kipanya.

Kioo cha kompyuta kikawaka. Mfumo ulikuwa wazi, kama alivyouacha asubuhi.

Wided akakodoa macho. Masharti yale huwahoji wanaobisha hodi. Aliyekwisha kuingia hafukuzwi.

"Usitoke! Usibonyeze kitu kingine! Tafuta damu ya huyu mama."

Mongia aliandika kwa kidole kimoja. Kidole kile! Kila herufi ilichukua mwaka. Wided alikuwa akiutazama waya wa mtandao kana kwamba kuupumulia tu kungeukata.

"Mitatu," Mongia alisema hatimaye. "Friji ya pili, rafu ya chini." Akachomoka, kandambili zikipiga sakafu pa-pa-pa.

Wided akabaki akikisukumasukuma kipanya, kioo kisije kikalala. Ami Mokded aliporudi, alimpokonya ufunguo bila hata salamu, akaenda kwenye seva yenyewe na kuuteremsha ule mstari hadi chini.

Saa nane kasoro dakika tano simu ya wodi ikalia. Hakuthubutu kuipokea. Mongia, aliyekwisha kurudi, akaipokea, akasikiliza, akairudisha mahali pake.

"Damu imeacha kumvuja," akasema. "Mama anaulizia mtoto wake."

Wided akakaa sakafuni palepale. Mongia akakitazama kioo, akamtazama yeye.

"Haya, mwalimu. Sasa nitoke?"

"Ngoja kwanza, Lalla," akasema Wided. "Acha niingie mimi."