Niliposema Mke Afungwe Kamba

Nikubali mwenyewe kwanza, kabla Fundi Amuri hajawasimulia na kuongeza chumvi yake: ni kweli, mimi ndiye niliyesema mbele ya baba wa mchumba wangu kwamba mke akizoea kutoroka afungwe kamba kwenye nguzo, na nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma sana.

Ilikuwa hapa hapa Baraka, zama za Wabelgiji, mimi karani wa kupima pamba, kijana wa kaptula iliyopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni (moja haikuwa na wino). Tulikuwa na kikundi cha kusoma, watu wanne tu, tukikutana Jumamosi alasiri barazani kwa Fundi Amuri mshonaji: Amuri mwenyewe, Mwalimu Etabo, Mama Feza aliyekuwa akizalisha bamama pale dispensari, na mimi, niliyefanywa mkubwa wa kikundi kwa sababu ofisini kwangu ndiko kulikopatikana karatasi.

Kusoma hakukutusumbua. Kuchagua ndiko kulikokuwa vita. Kutoka Uvira tuliletewa orodha ya vitabu vya Kiswahili, majina matupu bila maelezo, na Mwalimu akataka cha nyota, Mama Feza akataka hadithi yoyote mradi isiwe na watu wanaokufa kila ukurasa, Amuri akataka kile kilichotakwa na yeyote isipokuwa Mwalimu, na Jumamosi tatu zikapita tukibishana. Ya nne nikachoka, nikaweka kidole kwenye jina moja, *Baraka ya Nyumba Yako*, nikasema hiki nakijua, ni kizuri, nikiamini moyoni kinahusu ndoa. Sikukijua. Siku zile nilikuwa nimepeleka maneno ya posa kwa Ester wa Mboko, na kila kitu nilichokiona kilikuwa ndoa.

Basi vitabu vikaja kwa kamyo, lori la mizigo, vinne, vyembamba, jalada la karatasi ya kaki lisilo na picha. Kila mtu akachukua chake akasome nyumbani. Mimi changu nikakiweka juu ya sanduku, maana pamba ilikuwa imejaa hadi mlangoni, na nikajiambia kuhusu ndoa mtu mzima hakosi la kusema. Kumbe kilikuwa kitabu cha kufuga mbuzi. Wenzangu walipoona ni mbuzi walidhani ndicho nilichokusudia, kwa hiyo hakuna aliyeniambia neno.

Jumamosi ya mazungumzo, Mzee Wilondja, baba yake Ester, alikuwa ameshuka sokoni Baraka. Alitaka kumwona huyu anayemtaka binti yake ni mtu wa namna gani, nami (kichwa changu hiki) nikamkaribisha barazani anione nikiongoza wasomi. Akapewa kiti, akaweka kofia juu ya goti.

Nikafungua kwa kusema kitabu hiki kinatufundisha kuishi vizuri na yule anayeleta baraka nyumbani. Mzee akaitikia kwa kichwa, amependezwa. Amuri akasema yeye alipata hasara kwa yule wake wa kwanza kwa sababu hakumtazama meno na miguu kabla ya kumleta nyumbani, kama kitabu kinavyoagiza. Nilishangaa kidogo, maana nilimjua mke wa Amuri na sikujua kama alikuwa na mwingine kabla yake, lakini nikasema meno ni jambo kubwa. Halafu Mama Feza, mwanamke niliyemheshimu kuliko wote, akasema pale palipoandikwa kwamba asiyezaa mwaka wa pili usikae naye, umbadilishe, yeye anaona ni sawa kabisa. Nikamtazama, nisielewe. Mkunga anasema hivyo? Nikawaza labda mimi ndiye nimebaki nyuma, labda siku hizi ndivyo bamama wanavyofikiri, na nikaitika. Mzee alikuwa ameacha kuitikia.

Ndipo Mwalimu Etabo akanigeukia.

"Karani, pale banasema akizoea kutoroka kwa jirani, umufunge kamba kwa nguzo. We unaona namna gani? Mi naona itamuumiza shingo."

Wote wakaningoja. Hapo ndipo ningeweza kusema jamani, sijasoma, na yangeisha kwa kicheko. Badala yake nikakohoa, nikasema, "Kamba iko muzuri, ila muchague ile ya laini."

Mzee Wilondja akasimama polepole.

"Ester wangu utamufunga kwa nguzo gani?"

Mama Feza akamtazama kwa upole. "Baba, Ester ndiyo jina ya mbuzi yako?"

Nilifungua kitabu changu kwa mara ya kwanza, na kwenye ukurasa wa mwanzo kulikuwa na picha ya beberu mwenye ndevu, ananitazama. Nilipoinua macho mzee alikuwa ameshavaa kofia, anaelekea kwenye kamyo la Mboko, na Amuri ameinamia cherehani yake mabega yanamtetemeka.

Kesho yake nilipanda baiskeli, nikapita Lweba watu wakitoka kanisani, nikafika Mboko mchana, nimejaa vumbi. Ester alikuwa uani akianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, akaniitikia salamu bila kucheka wala kununa, jambo lililonichanganya zaidi. Nikamweleza baba yake yote, kwamba kitabu ni cha mbuzi, kwamba hakuna aliyemtaja binti yake. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Ya mbuzi nilielewa njiani," akasema. "Mutu wa akili mubaya, tunamufundisha. Lakini we, balikuuliza kitu hujue, ukaitika. Siku batakuuliza juu ya mutoto wangu, utaitika nini?"

Akaniuliza kama kitabu ninacho. Nilikuwa nacho. Akasema nikae pale nikisome chote, kwa sauti. Basi nikasoma kurasa arobaini za mbuzi, majirani wakaja na vigoda vyao, mwingine akanirudisha nyuma kwenye minyoo kwa sababu hakusikia vizuri, na nilipokwama kwenye neno, Ester alilisema kutoka uani bila kugeuka. Jua lilikuwa limeinama nilipofunga ukurasa wa mwisho. Mzee akasema, "Sasa umesoma. Rudi kwa kazi yako, tutakuita."

Waliniita mavuno ya pamba yaliyofuata, na Ester ndiye huyu mnayemjua.

Kikundi kilinivua ukubwa Jumamosi iliyofuata safari hiyo ya Mboko, akapewa Mama Feza. Sikubisha. Niliapa sitasema tena nimesoma kitu kabla sijakimaliza, lakini Mama Feza kiapo changu hakukijali, na miaka yote aliyotuongoza, kabla ya mazungumzo kuanza, alimuuliza kila mtu amefika ukurasa wa ngapi, na kila mara alianza na mimi.