Syokau wa Nzioka

Katika klabu ya chesi mjini Machakos, hakuna aliyesifika kwa haki kama Kavutha, mwalimu wa kompyuta. Mwanafunzi akinakili kazi ya mwenzake, hata awe mtoto wa dada yake, sifuri yake ilikuwa inamngoja. Watu walimsifu sana. Lakini mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na Jumamosi ile mkuki ulimgeukia mwenyewe.

Mumewe, Nzioka, alikuwa amefariki mwezi wa tatu. Waliishi miaka mingi bila mtoto, na Ukambani binti wa kwanza huitwa jina la nyanya yake mzaa baba. Binti hakuja. Basi Nzioka alipotunga programu ya kucheza chesi, aliipa jina la mama yake, Syokau, na bibi huyo wa Kathiani akacheka hadi akatokwa na machozi. Sasa klabu ilitaka programu moja ya kufundishia watoto: ama Syokau, ama ile ya kijana Muli. Itakayoshinda, watoto wangeitaja jina kila wiki. Itakayoshindwa, basi.

"Madam, simamia wewe," Muli alimwambia. "Najua hiyo ingine ni ya mzee wako, lakini wewe huwezi pendelea mtu."

Kavutha akapanga mambo barabara: muda sawa, na kila mwanzo wa mchezo uchezwe mara mbili, ili kila programu ipate zamu ya nyeupe na ya nyeusi. Shida ilikuwa kompyuta. Klabu ilikuwa na moja tu, na Nzioka alimzoesha Syokau kuendelea kufikiri hata zamu ikiwa ya mwenzake. Kila mmoja akiwa na mashine yake, hapo hakuna ubaya. Kwenye mashine moja nguvu ya kompyuta ni ya kugawana, na Syokau angekula sahani yake huku mkono mwingine uko kwenye sahani ya mwenzake, na Muli angebaki kushangaa kwa nini programu yake imekuwa nzito. Hakuna mwingine aliyejua. Kavutha alijua kwa sababu ndiye aliyekuwa akilalamikia kelele za feni ya kompyuta isiyopumzika mumewe akiijaribu nyumbani.

Alikaa mbele ya kioo cha kompyuta. Alitamani sana kunyamaza, na wengi wetu tungenyamaza. Yeye akaizima ile tabia ya Syokau, akaanzisha mchezo.

Syokau alipigana. Alishinda michezo kadhaa, akatoka sare, kisha akazidiwa mpaka hapakuwa na ubishi. Kavutha akampongeza Muli vizuri, akatoka nje, akaketi kwenye ngazi na kulia kuliko alivyolia siku ya mazishi.

Akiwa hapo, mama mkwe wake akapiga simu.

"Mtoto wetu amefanya aje?"

"Ameshindwa, mwaitu, mama yangu."

"Na hukumsaidia?"

"Nilimzuia. Alikuwa na njia ya kushinda, lakini haikuwa ya haki."

Bibi akauliza, polepole na bila hasira, "Sasa jina langu litaitwa na nani, Kavutha?"