Jinsi nilivyoing'oa klachi ya mafuta kwenye pikipiki ya mashindano nikaweka ya waya, Singida, miaka ya ruksa

Wakuu, nawasalimu. Walio wadogo kwangu, marahaba, maana naamini mmekwisha kuniamkia.

Anayeandika ni mjukuu wangu Neema. Anayesema ni mimi, babu yake. Mimi sikuingia shule hata siku moja, kwa hiyo nasema, yeye anaandika, kisha ananisomea. Palipoingia neno nisilolisema nimemwamuru alifute.

Juzi alinisomea humu jukwaani kijana mmoja akidai kwamba klachi ya hadroliki haiwezi kugeuzwa kuwa ya waya, na kwamba atakayejaribu ataua injini. Nimeona si vema ninyamaze. Mimi niliigeuza kwa mikono hii, na injini haikufa. Nitaeleza kama ilivyokuwa, na nilipokosea nitasema nilikosea.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, watu wakaiita miaka ya ruksa. Maduka yalianza kujaa, lakini gereji ya umma niliyokuwa kibarua, hapa Singida mjini, ilifungwa.

Kazi yangu mle ilikuwa kuosha vipuri kwa dizeli. Spana sikuruhusiwa kushika. Msimamizi wetu, Bwana Joeli, alikuwa mtu wa haki lakini mgumu, na kauli yake ilikuwa moja: "Asiyeweza kusoma kitabu cha injini asiiguse injini."

Sikubishana naye. Niliosha.

Lakini fahamuni jambo hili. Anayeosha kipuri hukigeuza pande zote. Hukiona kilipolika na kinapogusana na mwenzake. Miaka ile yote nilikuwa naosha huku natazama.

Gereji ilipofungwa, Bwana Joeli alifungua yake karibu na soko, na vitabu vyake vyote kabatini. Mimi nilijenga kibanda barabara ileile. Wenye pikipiki walikwenda kwake. Kwangu zilikuja baiskeli, na plau za ng'ombe kutoka Issuna.

Sasa nije kwenye pikipiki yenyewe.

Palikuwa na mfanyabiashara aitwaye Sefu, mtoto wa mjini, muuza vitambaa. Alikwenda Dar es Salaam kufuata mzigo akarudi na pikipiki juu ya lori. Ilikuwa ya mashindano, ya zamani, imetoka ng'ambo imekwisha kuchoka. Haikuwa na taa wala kioo. Usukani ulikuwa chini kiasi kwamba mpandaji alilala kifudifudi kama mtu anayekunywa maji kijitoni. Ubavuni ilikuwa bado na namba ya mashindano.

Mji wote ulitoka kuitazama. Sauti yake ilisikika mpaka kule ziwani Kindai.

Klachi yake haikuwa na waya. Penye mkono wa kushoto palikuwa na kikopo cha mafuta. Ukibana mkono wa klachi, mafuta husukumwa ndani ya mpira mpaka kwenye silinda ndogo ubavuni mwa injini, nayo husukuma fimbo ya chuma, na fimbo ndiyo huachanisha sahani za klachi. Hiyo ndiyo hadroliki.

Mafuta yale yakapungua. Sefu alizunguka maduka yote akitafuta mafuta ya breki, akakosa. Akafanya jambo ambalo nadhani ni sisi wa Singida tu tunaoweza kulifanya: akamimina mafuta ya alizeti.

Msicheke. Mafuta ya alizeti kwetu ni dawa ya kila kitu. Tunapikia, tunajipaka, tunalainishia bawaba za mlango. Na yake yalikuwa mazuri, yamechujwa kwa kitambaa.

Siku mbili klachi ilifanya kazi. Siku ya tatu mipira midogo ya ndani ya silinda ilikuwa imevimba kama maharage yaliyolowekwa. Mkono ukakwama, gia zikagoma, pikipiki ikasukumwa kwa miguu mpaka kwa Bwana Joeli.

Bwana Joeli aliifungua, akatazama kitabu, akakuta namba ya mipira ile. Aliagiza Arusha, akaagiza Dar es Salaam, haikupatikana. Akatoa hukumu: chuma chakavu.

Sefu alikuja kibandani kwangu si kwa kuniamini. Alikuja kuuliza kama nahitaji magurudumu.

Nikamwambia, "Magurudumu sihitaji. Niachie niitazame."

Nilipoitazama niliona jambo moja. Mafuta yale kazi yake ilikuwa kubeba nguvu ya vidole kutoka juu mpaka kwenye fimbo. Basi. Waya nao hubeba nguvu ya vidole. Tofauti ni kwamba mafuta husukuma na waya huvuta. Nikitengeneza kitu cha kugeuza mvuto kuwa msukumo, fimbo haitajua imeguswa na nani.

Nikasema hivyo mbele ya watu. Habari ikamfikia Bwana Joeli, naye akaja, amevaa koti lake la buluu.

"Mkumbo," akaniita, "unataka kuigeuza klachi ya mashindano?"

"Nataka, Bwana Joeli."

"Kitabu kinasemaje?"

"Kitabu unacho wewe. Mimi ninayo pikipiki."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Ikitembea, mimi mwenyewe nitakuita fundi mbele ya hawa. Isipotembea?"

Nami, kwa hasira, nikajibu, "Isipotembea nafunga kibanda, narudi Iguguno nikalime."

Wakuu, neno likishatoka mbele ya watu halirudi. Nilikuwa na mke na watoto wanne, na shamba la Iguguno nilikwisha kumwachia mdogo wangu.

Nikaanza kazi. Niliitoa ile silinda ndogo, nikakata bamba la chuma lenye matundu yanayolingana na matundu yake, nikalifunga palepale. Juu ya bamba nikaweka kijimkono cha chuma chenye egemeo katikati: upande mmoja unasukuma fimbo, upande wa pili unavutwa na waya. Chuma nilikipata kwenye jembe la plau lililokwisha kulika. Ni chuma kigumu, hakipindi.

Hapa nilikosea mara mbili.

Kwanza, kijimkono nilikifanya kifupi kama kidole, kwa kuwa niliona nafasi ni finyu. Pili, nilitumia waya wa breki ya baiskeli, kwa kuwa ndio niliokuwa nao.

Sefu alikuja kujaribu watu wamejaa. Akabana kwa mkono mmoja, haikusogea. Akabana kwa miwili, uso ukamwiva. Kisha waya ukakatika kwa mlio, ukamchapa kwenye kiganja.

"Fundi," Sefu akaniambia akipuliza kiganja, "hii ni klachi au ni mtego wa panya?"

Bwana Joeli alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara.

Nilirudi nyumbani mchana ule nimenuna. Mke wangu alikuwa uani, anakamua alizeti kwa mashine ya mkono, ile ya kipini kirefu. Nikaketi. Nikamweleza kisa chote, tena kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyekata waya.

Aliendelea kubonyeza kipini. Kisha akauliza, "Baba Ntandu, hicho kijimkono chako kina urefu gani?"

Nikamwonyesha kidole.

Akacheka mpaka akaachia kipini. "Ningekamua alizeti kwa kipini hicho, wewe na wanao mngekula mlenda mkavu mpaka leo. Njoo ubonyeze hapa."

Akanishikisha kipini karibu na egemeo. Hakikushuka. Akanisogeza mpaka ncha ya mwisho. Kikashuka kwa vidole.

Sikupenda kuchekwa, na sikumwambia ahsante siku ile. Nilimwambia baadaye sana, na leo namwambia tena mbele yenu, maana amekaa hapa anasikiliza na kutikisa kichwa.

Hata hivyo, sikukimbilia kukifanya kirefu tu. Niliona pia kwamba ukishika nchani, mkono wako unasafiri sana na alizeti inasogea kidogo. Klachi nayo ina kiasi chake. Fimbo isiposogea vya kutosha, sahani haziachani, na gia italia.

Kwa hiyo nilirudi kibandani nikapima. Niliisukuma fimbo kwa bisibisi polepole, gia ikiwa ndani, huku nazungusha gurudumu la nyuma, mpaka likazunguka bila kukwama. Nikaweka njiti ya kiberiti kando ya mwendo ule. Ulikuwa unene wa njiti moja kamili. Njiti mbili ni nyingi, nusu njiti haitoshi.

Nikafua kijimkono kipya, kirefu kama kiganja, nikakitoboa matundu matatu ya kufungia waya, la ndani likiwa karibu na egemeo.

Waya nilikwenda kuuomba kwa bwana shamba, ambaye pikipiki yake ya kazi ilikuwa imekufa na kuegemezwa ukutani. Nikachukua waya wake wa klachi, ala yake ambamo waya hupita, na mkono wa usukani, kwa sababu mkono wa hadroliki hauna mahali pa kushikia waya. Ala niliiosha kwa dizeli, nikaijaza grisi, nikaipitisha pasipo na kona kali.

Tundu la ndani: mkono mgumu.

Tundu la nje: mkono mwepesi kama kushika karatasi, lakini gia zikalia.

Tundu la katikati: nikabana kwa vidole viwili, nikazungusha gurudumu, likazunguka. Nikauachia waya ulegee kidogo penye mkono, ili klachi ishike sawasawa unapoiachia. Kijana, hapo ndipo wengi huua injini. Hukaza waya mpaka mwisho, sahani zinateleza na kuungua, kisha wanalaumu waya.

Siku ya kujaribu nilimtuma mtu kumwita Bwana Joeli. Sikutaka aje kusimulia habari ya kuambiwa.

Sefu alipotaka kupanda, Bwana Joeli akanyoosha mkono. "Hapana. Hii nitaipanda mimi."

Nilielewa. Yeye angeitafutia kosa ambalo Sefu asingelijua. Nikasema, "Panda."

Akavua koti, akalala juu ya tangi, akaondoka. Tuliisikia gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tukaisikia ikishuka kuelekea Kindai. Kisha tusiisikie.

Kimya kile kilikuwa kirefu. Mtu mmoja akasema, "Mzee, Iguguno mvua zimeanza?" Nilikuwa namfikiria mdogo wangu na shamba.

Halafu ikasikika inapanda. Akaja mpaka mbele ya kibanda, akasimama gia ikiwa ndani, akashikilia klachi kwa vidole viwili. Pikipiki ikanguruma pale pale bila kusogea hata inchi. Akakaa hivyo muda mrefu, anasikiliza.

Akazima. "Mwendo wa fimbo umeupimaje?"

"Kwa njiti ya kiberiti."

"Moja?"

"Moja."

Akaitikia kwa kichwa, akamtuma mtu gerejini kwake alete kitabu cha pikipiki. Kilipokuja, alipiga magoti kando ya injini, akakifungua penye ukurasa wa klachi, akatoa kalamu. Akachora bamba langu, kijimkono, na matundu yote matatu, la katikati akalizungushia duara. Kisha akaandika maneno pembeni, akanipa kitabu.

Nilikitazama. Mchoro niliutambua. Maneno sikuyajua.

Nikamwambia, "Nisomee. Kwa sauti, hawa wasikie."

Akasimama, akasoma: "Klachi ya waya. Imetengenezwa na fundi Mkumbo, Singida."

Tangu siku ile wenye pikipiki hawakukipita tena kibanda changu bila kusimama. Na Sefu aliipanda pikipiki ile miaka mingi, mpaka alipoiuza, bado ikiwa na waya.

Ninalowafundisha ni hili. Kabla hujasema jambo haliwezekani, kijue kila kipuri kinafanya kazi gani, si kinaitwaje. Kitabu kiheshimuni, mimi nimesomesha watoto wote na wajukuu. Lakini jambo ambalo halijaandikwa, lazima awepo mtu wa kulifanya kwanza.

Na msimwage mafuta ya alizeti mahali pasipohusika.

Nawakaribisha kuuliza, Neema atanisomea kila swali nami nitalijibu. Anayetaka kubisha naye aje, ila atangulize kunieleza amefungua klachi ngapi.