Mkate wa Marehemu Belarmino

Baba yangu alipata habari za kifo chake mwenyewe mezani, akinywa kahawa. Kadi ya rambirambi ilitoka kwa kamati ya watu wa Quelimane, yaani sisi Wareno tuliorudi kutoka Msumbiji mwaka sabini na tano, ambao kila Juni hukutana karibu na mji wa Pombal kwa misa na chakula cha mchana. Baba alikuwa amekosa miaka miwili kwa sababu ya maumivu ya nyonga, na barua zao hakuzijibu. Kwa kamati yetu, mzee akinyamaza miaka miwili huandikwa kwenye orodha ya marehemu.

"Wanasema nilikuwa mtu mwema," alinisomea. "Ona, Otília. Mwokaji hodari, wameandika."

Nikanyanyua simu niwape vidonge vyao. Akanizuia mkono.

"Weka chini! Maiti hapigi simu. Mwakani naenda mwenyewe. Nataka kuuona uso wa Benvindo."

Benvindo ndiye aliyesambaza mikate ya Baba kwa baiskeli kule Quelimane. Tuliporudi, sisi tulikwenda kukaa kaskazini, Mirandela, yeye kusini, Setúbal, wakawa wanaonana siku hiyo moja tu ya mwaka. Simu hawakupigiana, Benvindo alikuwa kiziwi wa sikio moja na mkaidi wa yote mawili. Kila mwaka Baba alimpelekea mkate wa nazi, na kila mwaka Benvindo alitafuna tonge la kwanza, akakunja uso, akasema, "Hauna chumvi." Miaka thelathini, neno hilo hilo. Chumvi ilikuwemo siku zote.

Basi Baba akaitunza siri yake mwaka mzima, anacheka peke yake kama mtoto aliyeficha peremende. Nami nikamwachia. Nilidhani nampa raha.

Siku ilipofika tuliondoka asubuhi, mimi kwenye usukani, Baba pembeni yangu na mkate mapajani, binti yangu Marisa nyuma.

"Babu, hiyo suti si ndiyo uliyosema tukuzike nayo?"

"Ndiyo hiyo. Naizoesha mwili."

Tangu Vila Real alizungumza Quelimane tupu: minazi, kengele za baiskeli, harufu ya mkate wa kwanza kutoka tanurini. Mimi niliondoka na miaka minane, lakini mpaka leo nikinusa tui la nazi naliona lile tanuri.

"Babu, lakini ule mji ulikuwa wa wenyewe," Marisa alisema. Chuo kikuu kimemharibu, au kimemtengeneza, sijaamua.

"Ulikuwa wa wenyewe. Mimi nilikuwa na tanuri tu."

"Na tanuri nani alikuwa anachochea?"

Tulikuwa tunaipita Viseu. Baba aliuweka mkate sawa mapajani. "Armando," alisema. "Alikuwa anaimba. Sikuwahi hata kumwandikia barua."

Mealhada nilitaka kusimama tule nguruwe wa kuoka, akakataa kata kata. Halafu akang'ang'ania tushike barabara ya zamani, tukapotea mara mbili, na tulipofika kanisani misa ilikuwa imekwisha na majina ya marehemu wetu wote yanasomwa, kama kila mwaka. Hakuna aliyetuona tukiingia.

Leontina, katibu wetu, alikuwa kwenye kipaza sauti. Desturi yetu ni kwamba jina la marehemu likitajwa, wote tunamwitikia.

"Arlindo Pestana."

"Yupo!"

"Belarmino Gouveia."

"Nipo!" Baba alinguruma kutoka mlangoni. "Tena nina njaa!"

Kanisa lilipasuka kwa kicheko. Akina mama walipiga ishara ya msalaba, miwani ya Leontina ikaanguka, padri mwenyewe alishika mbavu. Baba alisimama katikati ya njia na mkate wake, tabasamu limejaa uso, macho yakipita benchi kwa benchi. Nilijua anamtafuta nani. Nami nilikuwa nikiitafuta ile kofia ya kahawia ambayo Benvindo hakuivua hata kanisani.

Leontina aliokota miwani. Alimtazama Baba, akatazama karatasi, na sauti ikamshuka.

"Benvindo Sarmento," alisoma.

Hakuna aliyeitikia. Wote walijua ule mkate ni wa nani. Kicheko kilikufa benchi moja baada ya jingine, na Baba akabaki amesimama pale pale.

"Yupo," alisema, taratibu.

Nje, Leontina alinishika mkono. "Alifariki Februari. Mwaka jana tulipomsoma baba yako, Benvindo ndiye aliyemwitikia, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Halafu hakula kitu. Mngetupigia simu tu, dada."

Maji yakimwagika hayazoleki. Simu ilikuwa mkononi mwangu siku ile kadi ilipofika, nikaiweka chini kwa ajili ya mzaha, na rafiki wa baba yangu akamlilia miezi minane mtu aliye hai. Nililia nyuma ya gari ili Marisa asinione, naye akanikuta huko huko.

Mezani walikuwa wameacha kiti kitupu karibu na Baba. Aliukata mkate, akaweka kipande kwenye sahani ya kiti kile, kisha akatafuna chake polepole. Akakunja uso.

"Hauna chumvi," alisema.

Nikaonja. Chumvi ilikuwemo.

"Kweli, Baba," nikasema. "Hauna."