Makombo Yangu Hayo

Kila Jumapili, watu wa Kirumba wakishaingia ibadani, Sabina hufunga mlango, akachomeka flashi kwenye televisheni na kuitazama harusi ile ile. Ni filamu ya Kizungu ya kuchekesha, ila juu yake anaongea mtafsiri wa Kiswahili, mwanamume wa sauti ya kukwaruza anayewasemea wote: bibi harusi, mama mkwe, hata mbwa. Sabina hakuwahi kukaa darasani. Bila mtafsiri yule, Wazungu wale wangekuwa wanapiga kelele tu.

Humo ndani, msichana mmoja anaibiwa mchumba na rafiki yake, na rafiki huyo huyo, bila haya, anamtaka awe mpambe wake. Anavishwa gauni la rangi ya embe bovu, anabebeshwa maua, anatabasamu mpaka mashavu yanamuuma. Mlangoni mwa kanisa anamwinamia bibi harusi sikioni, na mtafsiri anasema, "Chukua, shoga. Makombo yangu hayo!" Hapo Sabina hucheka mpaka akashika mbavu.

Zamani walicheka wawili. Odeta, jirani yake, ndiye aliyeinunua filamu hiyo, na wakifika pale alikuwa akipiga paja na kusema, "Mwanamke wa kumwibia rafiki yake mume si mtu, ni fisi." Kumbe fisi mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kochi, anakula ugali wa watu. Sabina alikuwa na Shimba tangu wakianika dagaa pamoja pale Mwaloni, bila pete wala padri. Kila mwaka Shimba alisema mwakani. Alipofungua duka la nyavu, mwakani ikafika kweli, na pete ikamwendea Odeta, kwa kwaya na tarumbeta.

Jumapili moja mlango uligongwa. Alikuwa Winnie, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea yeye tangu hajaota meno, na sasa alikuwa karibu kuolewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, ndiyo kwanza wanavaa."

Winnie hakukaa. Alishika mkanda wa mkoba wake. "Mama, wasimamizi wamepatikana."

"Akina nani?"

"Si unajua mwenzangu anafanya kazi dukani kwa baba Shimba? Amemwomba yeye. Na kanisani wanataka mtu na mke wake wa ndoa."

"Mke wake wa ndoa," Sabina akarudia polepole. "Kwa hiyo Odeta ndiye atakayesimama nawe. Mimi niliyekubeba mgongoni na beseni kichwani, nitakaa wapi?"

"Mbele kabisa, kwenye viti vya wazazi."

"Nione mgongo wake vizuri."

Winnie akaanza kulia. "Usipokuja, mama, na mimi siingii kanisani."

Sabina akageukia televisheni. Mpambe alikuwa anainama. *Chukua, shoga. Makombo yangu hayo!*

Winnie, aliyesoma mpaka chuo, akajifuta pua. "Halafu hasemi hivyo, mama. Anamwambia, nakutakia heri, rafiki yangu. Huyo mtafsiri anatia chumvi."

"Anamtakia heri? Na gauni lile?"

"Ndivyo anavyosema."

"Basi Mzungu huyo ni mjinga. Mtafsiri kamsaidia." Akazima televisheni. "Nenda kawaambie nitakuja."

Siku ya harusi, katika chumba cha kumvalishia Winnie, zipu ya gauni la Odeta iligoma katikati ya mgongo. Wapambe wote walikuwa wameshika shela. Sabina akainuka mwenyewe. Gauni lilikuwa la rangi ya dhahabu, na lilimpendeza, Mungu asamehe. Mgongo ulikuwa laini, unanukia manukato ya dukani. Wa Sabina ulikuwa umekaushwa na jua la Mwaloni.

"Asante, Mama Winnie," Odeta akasema kwenye kioo. "Nilijua huna kinyongo."

Sabina akaivuta zipu mpaka juu, kisha akamwinamia sikioni.

"Chukua, shoga."

Hakumalizia. Kwenye kioo uso wa Odeta ulisinyaa. Naye aliijua filamu ile kwa moyo.

Sabina akaenda kukaa mbele, amenyoosha shingo, ameshiba. Kwaya ikaanza. Winnie akaingia, na nyuma yake Shimba, ndani ya suti nyeusi, amenyoa vizuri, akimpa mkewe mkono apande ngazi.

Sabina akameza mate. Makombo yale bado yalikuwa yananukia.