Kifaru Kilichopakwa Ndimu na Sukari

Koni ya hina ilinitoka mkononi nikiwa namchora mguu bibi harusi mmoja kule Mtoni. Nikainama kuiokota, vidole havikushika. Nikaitazama ile koni inavyovuja taratibu juu ya mkeka, na jambo la kwanza nililowaza ni kwamba nimewachafulia watu mkeka wao. Hospitali wakaniambia ni kiharusi kidogo, nimshukuru Mungu. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani Temeke na mkono wa kulia uliolala pembeni yangu kama mgeni asiyetaka kuongea.

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekula kwa kazi ya mkono ule. Nimechora mabibi harusi wa Temeke na Mbagala, nikaitwa mpaka Msasani kwenye nyumba ambazo mlinzi anakuuliza mara tatu unakwenda kwa nani. Lakini kwenye ukoo wetu kuna desturi: bibi harusi huchorwa na mama yake mzazi. Bibi alimpaka mama, mama akanipaka mimi. Na mimi nina binti mmoja tu, alikuwa ameshaposwa, na nikaha ilikuwa imepangwa mfungo mosi, mara baada ya Idi. Nilipotoka hospitali ilikuwa imebaki miezi minne. Kutembea sikuwa na wasiwasi nako, na ulimi ulirudi mapema; mume wangu alisema ulirudi mapema mno. Wasiwasi wangu ulikuwa mmoja, kama mkono huu utaweza kumchora mwanangu.

Mtaalamu wa mazoezi alinipa kazi ya kuhamisha maharage, punje moja moja, kutoka bakuli hili kwenda bakuli lile, kwa kidole gumba na cha shahada. Yakiisha, niyarudishe yalikotoka. Nilihamisha maharage wiki mbili. Wiki ya tatu nikayapika.

Mume wangu anauza mitumba Tandika, si nguo bali vyombo na vitu vya watoto vinavyokuja kwenye mabelo. Jioni ile aliporudi, badala ya kunisema kuhusu maharage, aliweka kasha moja mezani. Juu yake kulikuwa na picha ya kifaru cha vita kinapita kwenye tope, na maandishi ya nchi ambayo hatukuijua. Ndani mlikuwa na plastiki ya kijivu, vipande vidogo vidogo visivyohesabika. Kasha lile lilikaa mezani kwake miezi. Kila mteja aliyelifungua alilirudisha na kumwambia kitu chenyewe kimeshavunjika.

"Mie sina mteja wa vitu vilivyovunjika," aliniambia. "Labda nyie wawili mtaelewana."

Sikumsemesha mpaka baada ya magharibi. Nilikasirika kweli, na nilikasirika zaidi kwa sababu kesho yake, alipoondoka tu, nilikwenda kulifungua lile kasha.

Vile vipande havikuwa vimevunjika. Vilishikana na fremu zake kama ndizi kwenye mkungu, kila kimoja na namba yake, na kulikuwa na karatasi ya michoro inayoonyesha namba gani ikae wapi mpaka vyote viwe kifaru kimoja cha kuchezea. Nilizaliwa na jicho la michoro. Nikatandika kanga juu ya sinia, nikachukua kikata kucha, nikaketi upenuni nyuma ya nyumba ambako kivuli hukaa mchana kutwa. Gurudumu la kwanza lilinichukua kutoka adhuhuri mpaka karibu na alasiri. Nililikata kwa mkono wa kushoto, nikalishika kwa wa kulia, likadondoka. Nikaliokota, likadondoka. Niliwahi kumchora mtu mkono mzima mpaka kwenye kiwiko kwa muda ule.

Mchana wa miezi ile siukumbuki vizuri, au naukumbuka kama mtu anavyokumbuka kitu alichokiona kwa kupitia pazia. Dawa za presha zilikuwa zinanilegeza. Nasikia jirani anatwanga, nasikia singeli ya mbali inayokimbia bila kufika, halafu kinu kinaingia ndani ya singeli na vyote viwili vinaingia ndani ya sinia langu. Gundi ya supa gluu ina harufu yake kali inayopanda kichwani. Nilikuwa nabandika gurudumu, nasinzia, naamka nimeshika gurudumu. Siku moja niliamka limeganda kwenye kidole gumba, likakataa kutoka. Mume wangu alipolikuta pale jioni, aliuliza ni nani aliyenivisha pete bila yeye kujua.

Katika kusinzia huko nilikiona kifaru chenyewe, kikubwa cha kweli, kinapita taratibu kwenye vichochoro vya Tandika katikati ya mafungu ya mitumba. Hakikuwa na kelele. Kifuniko chake cha juu kiko wazi na ndani hamna mtu. Watu wanakipisha kama wanavyompisha mzee, wanatoa shikamoo, wanaendelea kuchagua mashati. Nami nakifuata nyuma, bila viatu, na najua ndotoni kwamba mkono wangu uko mle ndani, umekaa kwenye kiti cha dereva. Sikuogopa. Nilikuwa natamani tu kisimame.

Mpaka Rajabu ilipoandama nilikuwa nimemaliza magurudumu yote na nimeanza minyororo, ile inayozungushwa juu ya magurudumu. Kila pingili ni ndogo kuliko punje ya mtama, na zinaunganishwa moja moja. Nilizilaani hizo pingili kwa maneno ambayo mtu wa umri wangu hapaswi kuyajua. Lakini vidole vilikuwa vinashika. Vilitetemeka, vikachoka, vikashika tena, na siku mnyororo wa pili ulipozunguka bila kukatika, nililia peke yangu pale upenuni kwa furaha.

Ikabaki rangi. Mume wangu aliniletea kutoka hadiwea vikopo vitatu vidogo: kijani, kahawia na nyeusi. Kijani chenyewe kilikuwa cha kupakia mageti, na nilipomaliza kukipaka, kifaru kikawa kama geti la shule. Nikachanganya na nyeusi, tone kwa tone, nikarudia, kikakaribia majani ya mwembe yaliyopigwa vumbi. Kwenye picha kilikuwa na mabaka ya kahawia kama kombati za jeshi. Brashi sikuiamini. Nikakata nailoni, nikaisokota koni kama ninavyosokota siku zote, nikaijaza rangi ya kahawia, nikatoboa ncha.

Mkono ulikwenda wenyewe kuchora ua. Nilihisi ule mwendo wa zamani, petali ya kwanza, kuzunguka, petali ya pili, halafu mtetemeko ukaingia katikati na ua zima likamwagika likawa doa. Nikaliangalia doa. Nikatazama picha kwenye kasha. Lilikuwa baka zuri kabisa. Nikachora jingine, safari hii kwa makusudi: nazungushia ukingo polepole, halafu nalijaza ndani. Kwenye ukingo nikitetemeka, kujaza kunafunika.

Nikamkumbuka bibi yangu. Hina ya zama zake haikuwa na maua wala vikuku vya kuchora. Walijaza ncha za vidole, wakaweka duara kubwa katikati ya kiganja, wakajaza nyayo, basi. Sisi wasichana tulikuwa tukiwacheka, tukisema wamekanyaga tope. Nilipaka mabaka siku nne huku nikimuomba bibi radhi.

Hina ikianza kukauka, sisi huipitishia pamba iliyolowekwa maji ya ndimu na sukari, ili ishike mkononi na iive vizuri. Ni kazi ya mwisho, mchoraji huifanya bila kufikiri. Mchana ule nilipomaliza baka la mwisho nilikuwa nusu macho, nusu ndotoni. Naikumbuka pamba. Naikumbuka ndimu, kwa sababu ilinichoma kwenye kidole nilichojikata. Naona kabisa kama vile nilikuwa na mguu wa mtu mapajani, mguu uliotulia, wa msichana mstaarabu. Nikaupitishia pamba wote, nikauweka dirishani ukauke.

Asubuhi binti yangu ndiye aliyekiona. Alikuwa anajiandaa kwenda kazini, akafungua dirisha, akaniita. Kifaru kilikuwa kimefunikwa na sisimizi kutoka minyororoni mpaka mdomo wa mzinga. Walikuwa wanapanda kwa mstari kutoka ukutani na kuingia kwenye kile kifuniko cha juu kama abiria wenye haraka zao. Aligusa pembeni kwa kidole, akaonja.

"Mama, umekipaka ndimu na sukari?"

Nilikana. Halafu nikakumbuka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni na nguo zake za kazi, nami nikacheka, kisha nikaona kicheko chake kimegeuka, mabega yanatikisika kwa namna nyingine. Alikuwa anakitazama kile kifaru na ameelewa nilikuwa namfanyia nani hayo yote.

"Mama, mie nina ishu, na nimeshindwa kukwambia," alisema. "Nimeshaongea na dada mmoja wa Sinza, mchoraji. Nimemwambia aje."

Iliniuma. Siwezi kulipamba hilo. Nilimwambia amefanya vizuri, kwa ile sauti ninayowasemesha wageni, nikamhimiza asichelewe kazini. Sikumkasirikia yeye. Alikuwa ameniona nikishindwa kufunga kifungo cha gauni, akanionea huruma, akaniepusha na aibu ya kushindwa mbele ya watu. Nilichokasirikia ni kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi. Nilikaa siku tatu sikugusa chochote. Mume wangu alikichukua kifaru, akakiosha sisimizi na sukari kwa mswaki wake mwenyewe, akakipanga juu ya televisheni, akanunua mswaki mwingine.

Siku ya nne nilisokota koni ya hina ya kweli. Nikajichorea kiganja changu cha kushoto. Ua la kwanza lilikuwa kama kuku amepita. Nikafuta. Nikazungushia duara, polepole, nikilipumzisha bega kila robo, kisha nikalijaza. Nikajaza na ncha za vidole vitano. Nikasubiri likauke, nikaliosha, nikalitazama kwenye mwanga. Ukingo ulikuwa na mawimbi kidogo, lakini lilikuwa duara.

Jioni nilimwonyesha binti yangu. Nikamwambia dada wa Sinza aje na achore anavyojua, miguu na mkono wa kulia, ila mkono wa kushoto aniachie mie, na maua asiyategemee kwangu. Alikishika kiganja changu muda mrefu. Nilijua anachokifikiria, maana mimi ndiye niliyemlea: mpiga picha, mashoga zake wa kazini, wakwe, na ule mkono wa kizamani uliojazwa kama wa vizee aliowaona kwenye picha za ukutani.

"Nipake yote miwili," akasema. "Yeye atachora miguu."

Siku ya hina chumba kilijaa mashangazi. Dada wa Sinza alikuwa mtoto mzuri, mkono mwepesi. Maua yake yalipanda kwenye vifundo vya mwanangu kama yameota yenyewe, na kila nilipotetemeka aligeuza macho akajidai anatafuta pamba. Mimi nilikuwa na viganja viwili na vidole kumi. Waliokuwa wakipiga soga waliacha mmoja mmoja. Nilipofika duara la pili nilisikia pumzi yangu mwenyewe, na nilimaliza wakati adhana ya alasiri inaanza.

Mwanangu hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi, na sasa viganja vyake vilikuwa juu ya mto, vimefunguliwa, haviruhusiwi kugusa chochote. Shangazi yake, dada wa mume wangu, alileta sahani ya pilau ili amlishe. Nikaiomba ile sahani. Mtu hulishwa kwa mkono wa kulia, na wangu wa kulia ulikuwa umeshamaliza nguvu zake zote kwenye yale maduara mawili. Tonge la kwanza liliniangukia njiani, punje zikatapakaa juu ya kanga yake. La pili likamwagikia kidevuni. Shangazi akanyoosha mkono kwa upole, akisema nipumzike, amalizie yeye.

Mwanangu akamgeuzia shavu shangazi yake, akanielekea mimi, akafungua mdomo, akangoja.